Hongera, Daraja la Sigiri

Watu wana haraka ya kulaumu. Daraja la Sigiri, pale Budalangi juu ya Mto Nzoia, liliporomoka Juni 26, 2017, likiwa bado linajengwa, na lawama zikamwagika kana kwamba limemkosea mtu. Mimi naliona lilikuwa na adabu zake. Siku chache tu kabla ya hapo, Rais Uhuru Kenyatta alifika kulikagua. Daraja likatulia, likapigwa picha, likangoja msafara wa mheshimiwa uishe vumbi. Ndipo likaketi. Nionyesheni mtumishi mwingine wa umma mwenye nidhamu hiyo.

Daraja la Nyali limesimama Mombasa tangu 1980, na hadi leo halijamsaidia mgombea yeyote. Hili la Sigiri, kabla halijakanyagwa na ng'ombe hata mmoja wa mnadani, lilikwisha kupiga kampeni pande zote mbili: serikali ililionyesha kama maendeleo, wapinzani wakalionyesha kama serikali. Na uchaguzi ulikuwa Agosti 8! Shilingi bilioni 1.2 hivi kwa kazi kama hiyo ni bei ya kutupa.

Wachumi nao wasilidharau. Daraja likimalizika, mafundi hurudi kwao. Likianguka, kuna wa kuondoa vyuma mtoni, wa kuchunguza, wa kuandika ripoti, na wa kuisoma (huyu bado anatafutwa).

Vibarua waliojeruhiwa walipelekwa hospitali. Wakazi wa Budalangi waliendelea kuvuka kwa mtumbwi, na nauli walilipa wenyewe.