Furukombe wa Basoko na Hukumu za Mama Mdogo

Watungaji wa vitabu vya kufundisha upigaji picha za wanyama wa mwituni wamewafikiana, kama watu waliokaa baraza moja, juu ya kanuni chache: mnyama asiwekwe katikati bali penye theluthi ya picha, mpiga picha ashuke hadi usawa wa macho ya mnyama, mbele ya uso wake iachwe nafasi ya kutazamia, na nyuma yake pasiwe na kitu cha kumshughulisha mtazamaji. Ni kanuni za busara, wala sina nia ya kuzibeza, ila ni dhahiri kwamba waliozitunga walizoea mbuga za Serengeti, ambako simba hulala uwandani kutwa, nao hawakupata kufika hapa Basoko, yanapokutana maji ya Aruwimi na ya mto Kongo, ambako nyuma ya kila ndege kuna majani, na nyuma ya majani hayo kuna majani mengine.

Chukua suala la usawa wa macho. Furukombe hukaa juu ya mti mkavu mrefu kupita mnara wa kanisa, na anayetaka kulingana naye macho hana budi kuota mabawa. Mdiria, yule mweusi kwa mweupe, ni karimu zaidi, kwani husimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi na kichwa kimetulia tuli, kabla ya kujitupa chini kumfuata samaki. Kwa ajili yake nililala kifudifudi ndani ya mtumbwi, penye maji ya jana na magamba ya juzi, hata mzee mpiga kasia akaniuliza kwa huruma kama homa imenishika.

“Hapana, papa. Natafuta usawa. Tusogee kushoto kidogo.”

Tukasogea kushoto, mkondo ukaturudisha kulia, na nilipokwisha kulipanga kila jambo kwa mujibu wa kitabu, pale penye theluthi palikuwa na duara la maji tu, zuri ajabu, ila ndege hamna.

Si ajabu kwamba picha iliyopangika kuliko zote za maji haya ilitengenezwa na mtu asiyekuwapo. Msafiri Stanley alipokabiliwa hapa na mitumbwi ya wenyeji, tarehe 1 Februari 1877, hakuwa na faragha ya kuchagua mandhari. Lakini katika kitabu chake cha 1878 mchoraji wa Ulaya, aliyeketi salama kitini, aliipanga mitumbwi ile kwa nidhamu ya gwaride. Fundi wa namna hiyo hasumbuliwi na mkondo.

Jioni nilimwonyesha picha zangu mama mdogo, muuza samaki wa kukausha, ambaye hajafungua kitabu chochote cha fani hii.

“Mbona mti umemwota kichwani?” aliuliza kuhusu furukombe. Kuhusu mdiria aliyetazama ukingo wa picha, pua karibu igonge: “Huyu anakwenda wapi? Mbele hakuna njia.” Na kuhusu kasuku niliowapiga kutoka ng’ambo ya mto: “Hawa inzi umewafuata mbali hivyo, mwanangu?”

Kwa maswali matatu alikuwa ameimaliza milango mitatu ya kitabu, na picha ya kwanza aliitibu papo hapo, akinieleza kwamba lau ningalipiga hatua mbili kando, mti ungalibaki mti na ndege angalibaki ndege.

Nilijitayarisha kwa hukumu kali zaidi tulipofikia picha mbovu kuliko zote: furukombe amekatika bawa, mkia haumo, na nyuma yake, kinyume cha kila mafundisho, umepita mtumbwi umejaa watu na mizigo. Mama mdogo akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na taa.

“Hii ndiyo picha,” alisema. “Huyu mwenye kofia aliniambia amekwenda Kisangani, na deni langu la chumvi analo tangu Pasaka.”

Akajifunga kitenge, akatoka na simu yangu kuelekea bandarini.