Nilibonyeza Kubali

Nilikopa shilingi 30,000. Si za kununua injini ya mtumbwi, ni za kuziba pengo la michango ya shule, nikiwa kwenye kibanda cha chai pale Mwaloni, Kirumba. Programu ya mikopo (jina lake nalistiri, ingawa wao langu hawakulistiri) ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yangu. Nikabonyeza Kubali. Mwenye shida hasomi kurasa za Kiingereza chai ikipoa.

Zikaingia 21,000. Nyingine walishazikata, eti ada ya huduma. Kurudisha siku ya saba, 30,000 kamili.

Siku ya saba ikapita sijalipa, nao wakawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yangu. Siku ya nane asubuhi akaanza fundi viatu wa Makoroboi: "Mzee, kulikoni, mbona tunaambiwa wewe tapeli?" Akafuata mama anayenikopesha sato, ambaye tangu hapo kwangu anataka taslimu. Kamati ya harusi ikaitisha kikao cha dharura, kwa kuwa mweka hazina ni mimi. Baba mkwe kule Magu, ambaye salamu zangu huzijibu baada ya wiki, hii aliijibu papo hapo: "Ng'wanawane, kumbe hata wale ng'ombe ulikopa?"

Kibaya zaidi, ujumbe ulitaja kwamba naishi Kirumba. Yupo bwana ananidai 80,000, na tangu Pasaka anajua niko machimboni Geita, mtandao hakuna.

Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nimeisoma orodha mara mbili, yangu haimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo, ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Wao watasema nilikubali. Sawa, nilikubali. Lakini mama wa sato alikubali lini? Namba ni yake, simu ni yangu, na aliyefaidi ni mtu wa tatu ambaye hata bei ya sato haijui. Kabla ya kubonyeza ningepaswa kuwazungukia watu 312, nyumba kwa nyumba, nikiomba idhini. Ningefika Magu mkopo umeshaiva.

Deni nimelipa. Ujumbe bado unatumwa. Ukikufikia, ufute tu. Na kama wewe ndiye yule bwana wa 80,000, niko Geita.