Barua ya Wazi kwa Halmashauri Yetu: Nguzo Zipewe Mkataba

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAOMBI YA NGUZO YA UMEME KUTAMBULIWA KAMA MPANGAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea pongezi zetu, wewe na idara yako ya mipango miji. Kwenye ramani yenu mtaa wetu unapendeza: njia ya nyuma imenyooka, mkuza wa umeme uko wazi, na gari la ngazi linapita bila kukwaruza kitu. Tatizo ni dogo tu: hatuishi kwenye ramani. Huku chini njia hiyo ina fremu za maduka, banda la kuku na ukuta uliopandishwa kwa kibali chenye muhuri wenu. Ndani ya ukuta huo kuna nguzo yenye transfoma. Ilikuwapo kabla msingi haujachimbwa. Mkaguzi wenu alifika, akapima matofali, akasaini. Juu hakuangalia, kwa kuwa fomu haina kisanduku cha kuangalia juu.

Tangu hapo nguzo imepata familia. Imefungwa kamba ya kuanikia nguo, imebebeshwa dishi, na mwembe umeilalia hadi kibati cha fuvu kinachosema "Hatari" kimemezwa na majani. Hailipi kodi, lakini pia haigombani na mtu.

Kasheshe huanza fyuzi ya transfoma inapokatika usiku. Mafundi wa dharura wanafika na ngazi, mikanda na ile fito ndefu ya kurudishia fyuzi. Ni kazi fupi, ila kwanza geti. Mlinzi anasema bosi amesafiri, funguo anazo mama, na mama hapokei simu. Kibao kinasema "Mbwa Mkali", na mbwa mwenyewe anathibitisha. Fundi aliyesomea volti 33,000 anarudi kinyumenyume. Saluni, mashine ya kusaga na friji ya muuza samaki vinamsubiri mama aamke. Kukicha, matusi yote yanakwenda kwa watu wa umeme. Idara yako haitajwi hata mara moja, hongera tena.

Ndugu Mkurugenzi, barabara ina wenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 imeipa barabara kuu mita 30 kila upande, na aliyeingia humo hupigwa X nyekundu. X hiyo haijali cheo: mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza hata sehemu ya jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, pale Ubungo ibomolewe kupisha barabara. Waya unaoua kwa kuguswa tu, wenyewe haujapata mtetezi. Ukivamia barabara unapigwa X. Ukivamia mkuza unapigiwa muhuri.

Kwa heshima zote tunapendekeza:

1. Fomu ya kibali cha ujenzi iongezwe swali: "Je, mwombaji angependa nguzo ikae sebuleni, jikoni au bafuni?"

2. Mbwa wote wanaoishi kwenye mkuza wapewe semina ya kutambua vitambulisho vya mafundi.

3. Mwenye ghorofa ambaye nondo zake zimebakiza kiganja kugusa waya atambuliwe rasmi kama mwekezaji katika sekta ya nishati.

4. Hayo yakishindikana, mkaguzi wenu aongozane na fundi wa umeme kabla ya muhuri kugongwa, wapime pamoja. Ukuta uliokwisha kuimeza nguzo utobolewe mlango upande wa njia, na ufunguo mmoja ukae ofisi ya serikali ya mtaa. Pendekezo hili halina posho, ndiyo maana tumeliweka mwisho.

Naomba kuwasilisha.

Mwananchi,
Mtaa wa Nyuma ya Ukuta

Nakala:
Mwenye nyumba – kwa taarifa
Mbwa wake – kwa utekelezaji