Wimbo Uliobaki Nyumbani

Mdogo wangu alipopata mchumba, nikaropoka mbele ya kamati nzima ya harusi: wimbo nitarekodi mwenyewe. Pesa ya studio ilikuwa imeshaliwa na mchango, ila laptopu ninayo, sauti ninayo, na programu za bure zimejaa intaneti. Kilichopungua ni akili.

Nikaanza na toleo la majaribio la programu ya kulipia. Ikanikubalia kila kitu: ngoma, kinanda, hata kuhifadhi. Asubuhi nataka kuendelea, naambiwa kwa adabu kwamba kuhifadhi ni bure, kufungua tena ni kwa wenye leseni. Wimbo ukawa kama mgonjwa aliyepona lakini hatoki wodini mpaka bili ilipwe.

Mpwa wangu, fundi kompyuta, akanitajia programu iitwayo Reaper: siku 60 za kujaribu, kisha dola 60 kwa mtu binafsi. Usipolipa haikufungii mlango; kila ukiiwasha inakukumbusha tu, kama shangazi anayeuliza utaoa lini. Akanitajia na Ardour, programu huria: msimbo wake bure, iliyo tayari unachangia. Ukibana pesa, uijenge mwenyewe. Yaani unapewa unga, mafuta na mkaa, unaambiwa chapati ni bure!

Nikaangukia Audacity, huria tangu ilipotoka mwaka 2000, haidai hata senti. Nikaegemeza magodoro mawili ukutani, jogoo wa jirani nikamfunika tenga, nikaimba mpaka jasho likanitoka. Sauti ikatoka safi. Sasa, enzi hizo kazi ilihifadhiwa sehemu mbili: faili dogo la maelekezo, na folda yenye sauti zenyewe. Mimi nikatia kwenye fleshi lile faili peke yake.

Ukumbini, fundi mitambo akalifungua. Likaja onyo, kisha mstari mnyoofu, kimya kama kaburi. Akanitazama: "Kaka, hii ndiyo staili mpya?"

Nikapanda bodaboda kuifuata folda, kwenda na kurudi, usiku, kwa bei ya usiku. Tangu toleo la 3 la Audacity, mwaka 2021, vyote hukaa kwenye faili moja. Harusi yetu iliwahi mno.

Ndugu msomaji, programu ya bure haikudai pesa, itakudai umakini. Kabla hujatoka nyumbani, utoe wimbo wako uwe MP3 au WAV, kisha uujaribu kwenye kompyuta ya jirani. Ni nafuu kuliko bodaboda.