Jinsi ya Kuitia Chetambe Ndani ya Kompyuta Bila Kuwaaibisha Wazee

Kwanza zima kompyuta. Panda matatu hapo Chwele mpaka Bungoma, panda nyingine mpaka Webuye, kisha ukipande kilima cha Chetambe kwa miguu yako. Watu wengi wanaotunga senario ya kihistoria ya mchezo wa zamu huanza kwa kuchagua rangi ya bendera na sura ya mfalme. Wewe anza na jasho. Ukimaliza kuhema, tazama: mji wa Webuye uko chini yako, na Masaba, mlima ambao ramani huuita Elgon, umekaa kaskazini-magharibi. Aliyesimama hapa mwaka 1895 alimwona adui kabla adui hajamwona. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya senario yako, na umeipata bila kuandika mstari hata mmoja wa programu.

Sasa ujue unachotaka kukisimulia. Mwaka huo wa 1895, Charles Hobley, afisa wa Kiingereza aliyekaa Mumias kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, aliwataka Wabukusu wasalimishe bunduki walizokuwa wamejipatia. Wabukusu wakakataa, na askari wa Kisudani waliotumwa kwao wakauawa. Hobley akakusanya jeshi la Wasudani, Waganda na watu wa Mumia. Likaipiga ngome ya Lumboka, kisha likageukia Chetambe, ngome yenye jina la mzee wa Kitachoni, ambamo Wabukusu na Watachoni walijifungia pamoja. Ukuta ulikuwa wa udongo. Upande wa pili palikuwa na Maxim, ile bunduki ambayo Waswahili waliipa jina la mlio wake: bombomu. Vita vilikwisha jinsi unavyodhani.

Mchezo wa kuutumia si shida. Freeciv, ulioanzishwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus huko Denmark, na Battle for Wesnoth, uliotoka mwaka 2003, yote miwili ni ya bure, na hukubali kufanya kazi kwenye kompyuta kuukuu. Senario zake ni mafaili ya maandishi ya kawaida. Anayeweza kuandika barua ya kuomba kazi anaweza kuandika senario, akiwa na subira ya kutafuta alama moja iliyokosewa usiku kucha.

Kazi ngumu ni kufuta. Mchezo wa Civilization ulipotoka mwaka 1991 ulikuja na tabia mbili ambazo wengine wameziiga tangu hapo. Ya kwanza ni washenzi: watu wasio na mji mkuu, wasio na jina la kiongozi, wasiozungumza na mtu, wanaochomoza tu kutoka gizani kuchoma miji ya wastaarabu. Ya pili ni vibanda: kijiji kidogo kimekaa porini, mpelelezi wako akikikanyaga kinampa dhahabu au maarifa, kisha kijiji chenyewe kinatoweka. Kinatoweka! Hakuna anayeuliza waliokuwa wakiishi humo wamekwenda wapi. Ukiuachia mchezo wa namna hiyo ujipangie wenyewe, Hobley atakuwa mstaarabu, Wabukusu watakuwa washenzi, na nyumba ya nyanya wa nyanya yako itakuwa kibanda cha kugawa dhahabu. Futa vyote viwili kabla hujafanya jambo lingine. Anayeviacha ameandika barua ya Hobley kwa serikali yake na kuitia rangi.

Ukishafuta, chora nchi. Hapa nimeona makosa ya kuchekesha. Kijana mmoja alinionyesha ramani yake ya Bungoma ya 1895, nzuri kwelikweli, yenye reli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901! Alikuwa amepanda pia mikaratusi kando ya kila njia, na mahindi kila mahali, kwa sababu ndivyo Kabuchai ilivyo anapofungua dirisha asubuhi. Ng'oa hiyo mikaratusi, ililetwa baadaye. Ng'oa mahindi, panda wimbi na mtama. Viwanda vya sukari na karatasi usivitaje kabisa. Weka Nzoia na Kuywa, weka mabwawa ya matete, weka malisho mapana, maana nchi hii ilihesabu mali kwa ng'ombe.

Halafu uje kwenye ngome, na hapa nakuomba usikimbie. Kijiji cha Kibukusu cha wakati ule kilizungushiwa handaki na ukuta wa udongo. Kwa Lubukusu kinaitwa lukoba. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita nchi hii mwaka 1883, aliviona vijiji vyenye kuta. Havikujengwa kwa ajili ya Wazungu. Vilijengwa na watu waliokuwa wakivamiwa na majirani na kuwavamia majirani, watu waliojua vita vizuri sana. Mimi nilichora ukuta nikaweka na handaki mbele yake, nikamwita mzee mmoja wa ukoo wetu, ambaye sote twamwita kuka, yaani babu, aje aone. Alivaa miwani, akainamia skrini kwa muda mrefu.

"Udongo wa handaki umeutupa wapi?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Akatoka nje, nami nikamfuata. Akachora mstari uani kwa ncha ya bakora yake, akaukwangua, na kila kilichotoka akakisukuma upande mmoja tu, upande wa ndani, mpaka pakawa na tuta jembamba. Akalipigapiga kwa kiganja. "Handaki na ukuta ni kitu kimoja," akasema. "Ukichimba huku umejenga kule." Kisha akauliza swali lililonifanya niivunje senario nzima na kuanza upya: "Na ng'ombe wako hao wanakunywa wapi?"

Basi sikiliza. Senario ya Chetambe yenye bunduki tu haina maana, maana bunduki zina jibu moja. Tia maji. Kila zamu watu na mifugo walio ndani wapunguze akiba. Mchezaji aamue nani atoke usiku kuteka, na atoke kwa mlango upi. Wesnoth tayari ina usiku na mchana, na vikosi hubadilika nguvu kufuatana na saa, itumie. Hapo mchezaji ataelewa kwa tumbo lake kwa nini mtu anaweza kutoka nje ya ukuta mnene na kukabili bombomu.

Kuhusu kalenda, usinakili miaka ya Kizungu kama ilivyo. Wabukusu hutahiri vijana kila baada ya miaka miwili, siku hizi mwezi wa Agosti wa miaka inayogawika kwa mbili, na kila kijana huingia katika rika: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, kisha mzunguko huanza tena. Hakuna saa ya mchezo wa zamu iliyo bora kuliko hii, na tumeachiwa bure. Fanya zamu moja ya utangulizi iwe msimu mmoja wa tohara. Ukianza na kupita kwa Thomson mwaka 1883, una zamu sita mpaka 1895. Kila zamu chinyimba, kengele za watahiriwa, zilie kwenye spika, na vijana wapya waongezeke ukutani. Vita vyenyewe vikianza, zamu iwe siku moja.

Vikosi navyo vipe utu. Askari wa Kisudani walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa zamani wa Equatoria, ambao Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwaandikisha mwaka 1891. Walipelekwa huku na huko mpaka walipochoka na kuasi mwaka 1897. Wawekee uvumilivu unaopungua. Mumia usimchore kama shetani. Alikuwa mtawala mwenye majirani wenye nguvu, akapata mgeni mwenye bunduki nyingi, akafanya hesabu yake. Hesabu hiyo ilimpa cheo cha chifu mkuu mwaka 1909, na ilimleta Murunga, ndugu yake, kuwa chifu wa Kimilili juu ya Wabukusu. Mchezaji atakayeshika zamu ya Mumia apewe chaguo la kweli, la kumkubali Hobley au kumnyima wapagazi, kila moja na gharama yake. Wawanga na Wabukusu wanaoana leo. Watoto wao watakaocheza senario hii wasilazimike kuchukia upande mmoja wa damu yao.

Sasa ushindi. Wengi wataniambia nibadilishe matokeo, Wabukusu washinde, tufurahi. Nakataa. Waliokufa pale walikufa kweli, na kuwashindisha kwa kipanya ni kuwafuta mara ya pili. Lakini pia nakataa senario inayomweka mchezaji ndani ya lukoba angojee kupigwa. Ndani ya Chetambe walikuwamo wanawake na watoto. Kwa hiyo pima ushindi kwa watu: umewatoa wangapi, na kuwafikisha ngome nyingine au kwa jamaa wa mbali, kabla ukuta haujaanguka? Mbegu ngapi za wimbi zimetoka nao? Mitamba mingapi? Ukuta utaanguka katika kila mchezo. Idadi ya waliovuka itatofautiana, na hiyo ndiyo itakayomfanya mchezaji arudie mara kumi. Nimeijaribu kwa vijana wa kwetu. Mmoja alipoteza ukuta siku ya tatu akiwa ameokoa karibu wote, akaruka juu kwa furaha, na kuka akampa mkono.

Usiifunge senario ukutani. Ifikishe kwa Elijah Masinde, mwanasoka wa Kimilili aliyeongoza Dini ya Msambwa. Zamu ya mwisho ya senario yangu imeandikwa Septemba 1947, mwezi ambao Masinde aliwapandisha wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale. Mwaka uliofuata serikali ikaipiga dini hiyo marufuku. Katika zamu hiyo hakuna kikosi cha kusogeza. Skrini inaonyesha kilima, na chini yake orodha ya majina ya walioanguka, ambayo bado ni fupi mno. Ikiwa nyumbani kwenu kuna jina linalotajwa, la Lumboka au la Chetambe, liandike leo, wakati anayelijua angali hai, kisha unipe nami nilitie.