Siku Bibi Alipoburuta Mtungi wa Gesi

Mama mkwe wangu alikuja Dar es Salaam kutibiwa macho, akitokea kijijini kwao Mbulu. Ni Mwiraqw, na Kiswahili chake ni cha mnadani: anasalimia, anauliza bei, anashukuru. Watoto walimpokea kwa shikamoo na kumrukia mapajani, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Mimi na mume wangu tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, na watoto tunawalea kwa Kiswahili. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, haina udugu wowote na Kisambaa, kwa hiyo hapa Kimara hakuna ambaye angeweza hata kubahatisha anachosema.

Siku ya kisa chenyewe mume wangu alikuwa Dodoma kikazi, nami kazini kwangu mjini. Dada wa kazi aliinjika maharage kwenye jiko la gesi, akatoka uani kufua. Maharage yakachemka, povu likamwagika na kuzima moto, gesi ikaendelea kutoka. Watoto walikuwa sebuleni wakitazama katuni. Aliyesikia harufu ni bibi.

Akaita. Mkubwa akadhani ana kiu, akamletea maji. Akaita tena kwa ukali, mdogo akamletea fimbo yake. Hofu ilipomzidi, hata kile Kiswahili cha mnadani kikamkimbia. Basi akawashika wote wawili mikono, akawatoa nje, kisha akarudi jikoni kwa kupapasa ukuta. Maisha yake yote amepikia kuni, koki ya mtungi haijui. Alichojua ni kwamba kitu kinachonuka vile hakikai ndani na watoto. Akauvuta mtungi mpaka mpira ukachomoka, jiko likapinduka, maharage yakatapakaa sakafuni.

Dada alipoingia alimkuta bibi mwenye macho mabovu amekumbatia mtungi, anapaza sauti, na gesi inavuma. Akaushika upande wa pili wakaanza kuvutana. Jirani akaja mbio, akafunga koki. Mjumbe naye akaitwa. Wote walisikia harufu, wote waliona mpira uliochomolewa, na hukumu ikatoka palepale uani: mzee amechanganyikiwa, nusura aichome nyumba. Bibi alijitetea kwa maneno mengi, kwa mikono na kwa machozi. Wakambembeleza kama mgonjwa na kumpeleka chumbani akalale.

Nilipofika jioni nikampigia mume wangu, nikaweka spika. Mama alizungumza na mwanawe kwa muda mrefu. Mwisho mume wangu akaniambia, "Nenda jikoni kaangalie swichi ya jiko." Nilikwenda. Jiko bado lilikuwa limelala ubavu, swichi imefunguliwa, na povu la maharage limegandia kwenye kichomeo. Mwanamke huyu alikuwa ameokoa wajukuu wake wawili na dada wa watu, na mtaa mzima ulikuwa umeshamwita mwendawazimu. Dada alipiga magoti akamwomba radhi.

Kliniki ya macho mambo yalikuwa yaleyale. Daktari aliuliza maumivu yalianza lini, akanitazama mimi. Nikampigia mume wangu, mtandao ukakatika, nikapiga tena. Mama alikaa kimya kwenye kiti huku watu wawili wakizungumza habari za macho yake.

Sina ugomvi na Kiswahili. Bila Kiswahili nisingekuwa na ndoa hii. Najua pia ni kazi kubwa kiasi gani iliyofanyika mwaka 1967, kilipopewa nafasi ya kufundishia shule za msingi na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likaanzishwa kwa sheria, wakati nchi changa ilihitaji sauti moja. Ninachokataa ni dhana kwamba ili Kiswahili kisimame lazima lugha nyingine zikose mahali pa kufanyia kazi. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, inataja lugha zaidi ya 150. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inaziita hazina, inataka watu wazijivunie, na inahimiza ziandikiwe kamusi na vitabu vya sarufi. Maneno mazuri. Lakini shuleni hazimo, na redioni kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza. Mama mkwe hana redio inayoweza kumwambia kwa lugha yake namna ya kufunga koki ya gesi, na serikali hiyohiyo inahimiza kila nyumba iache kuni.

Wenzetu wa Kenya waliandika katika Ibara ya 7 ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na hapohapo wakaibebesha dola wajibu wa kukuza na kulinda lugha za wenyeji. Kiswahili hakijafa Kenya. Nasi kila tarehe 7 Julai tunasherehekea siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka 2021 kwa heshima ya Kiswahili, tukiiambia dunia kwamba kila lugha ina hadhi yake. Mwiraqw, Msandawe na Mhadza wana haki ya kutuambia sisi hayohayo.

Sidai shule 150 za lugha 150. Naomba wizara husika zianze na mawili: kanuni za utangazaji ziruhusu vipindi vya afya na usalama kwa lugha za jamii, na hospitali za rufaa ziwe na orodha ya watumishi wake wanaojua lugha hizo, ili mgonjwa apate wa kumsemea. Watumishi hao tayari wapo wodini. Hakuna aliyewauliza.