Mama Muuza VitumJya

Anayejifundisha programu peke yake hushauriwa aanze na vitu vya kuonekana: apu ya simu yenye vitufe vya rangi, tovuti ya harusi ya binamu. Mimi chuoni nasoma uhasibu. Programu najiokotea usiku, bando likiwa nafuu. Nilipozoea Python nikaona nadekezwa. Nikataka kushuka chini kabisa, kwenye lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huko unapanga mwenyewe nini kikae wapi kwenye kumbukumbu ya mashine.

Tatizo la C ni kwamba haina mjumbe wa nyumba kumi. Kumbukumbu yake ni nyumba ya kupanga ya Mbagala isiyo na kuta za kati: mpangaji wa chumba cha kwanza akinunua kabati kubwa, nusu yake italala kwa jirani, na mwenye nyumba hatasema neno.

Sasa, shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba. Elimu yangu alikuwa ameshaitumia kutengenezea rimoti na pasi. Siku moja akatangaza kikaoni, "Mwanangu huyu anajua kompyuta, daftari tutupe." Kesi ikaishia hapo.

Nikampa kila mwanachama baiti 16 za jina, na nyuma yake tu baiti 4 za fedha. Fedha ziliingizwa kwanza, jina baadaye, maana kikobani hata salamu husubiri hesabu. Kusoma jina nilitumia gets, amri niliyoikuta kwenye kitabu cha zamani. Kompaila ilinionya kwamba ni ya hatari, lakini kompaila nayo huonya mengi. Baadaye ndipo nikasoma kwamba gets ni mmoja wa milango aliyopitia mnyoo wa Morris, ulioangusha maelfu ya kompyuta mwaka 1988, na kwamba toleo la C la mwaka 2011 liliifuta kabisa.

Majina tuliandika yale ya mtaani. Mama Muuza Vitumbua, mwenye akiba ya shilingi 40,000, akatokea kwenye skrini ana shilingi 6,387,042.

"Kompyuta haidanganyi," akasema mwenyewe, akajiweka sawa mkekani.

Na kweli haikudanganya. Jina lake, ukihesabu na nafasi, lina herufi 19. Kumi na sita zilijaa chumbani hadi "Vitum". "Bua" ikamwagikia kwenye fedha na kuzifuta zile 40,000. Ndani ya mashine b ni 98, u ni 117, a ni 97. Prosesa ya Intel huanza na baiti ndogo, kwa hiyo b inabaki kama ilivyo, u inazidishwa kwa 256, a kwa 65,536. Chukua kikokotoo ujumlishe. Hata senti haikosekani.

Jina lenyewe lilichapwa zima, kwa sababu C husoma herufi mpaka ikutane na sifuri, haiulizi imeingia kwa nani. Tukapokea hisa yake ya wiki, shilingi 1,000. Fedha zikapanda sawasawa hadi 6,388,042, ila mwenye fedha sasa akaitwa Mama Muuza VitumJya. Akatoa 1,000 nyingine ili tuhakikishe. Akawa Mama Muuza Vitum2}a.

"Hesabu sawa," akasema, "lakini matusi sitaki."

Nilipanua chumba cha jina hadi baiti 64, nikaitupa gets, nikaweka fgets, inayoheshimu mipaka. Kumbe hii nayo ina tabia yake: huhifadhi jina pamoja na ule ubonyezo wa Enter wa mwisho. Orodha iliyotoka steshenari ikawa kila kiasi kimeshuka mstari mmoja, kimekaa juu ya jina la mtu anayefuata. Shangazi akaisoma kikaoni kama ilivyokaa. Mwenyekiti, wa kwanza kwenye orodha, hakuwa na kitu. Mama Muuza Vitumbua akapewa akiba ya fundi cherehani, akashukuru. Chini kabisa zikabaki shilingi 85,000 zisizo na jina, na waliosimama kuzidai walikuwa watatu, mmoja wao hata si mwanachama.